Anime za mizimu na mapepo: zipi zinafaa kutazamwa na zipi ziachwe?

Mzamu wa Usiku aliuliza:

Wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, salaam. Kwa muda sasa ninatafuta mfululizo wenye mizimu, mapepo au viumbe wa namna hiyo, ambao utanishika kwa hadithi yake na kuniacha na la kuwaza baada ya kuzima simu, kwa sababu ile ambayo kila mtu hunishauri niitazame imeanza kunichosha. Demon Slayer nimeifuata tangu msimu wa kwanza wa mwaka 2019 pamoja na ile filamu ya treni iliyotoka mwaka 2020, na sibishi kwamba studio ya Ufotable inajua kuchora moto na maji. Lakini mpangilio wake nimeshaukariri: zimwi linatokea, linajigamba, linakatwa shingo, na shingo ikishaanguka ndipo linapewa dakika chache za kukumbuka utoto wake ili nasi tulihurumie. Jujutsu Kaisen nayo niliianza kwa hamu kubwa, ila katika msimu wa pili wa mwaka 2023 watu walipigana mfululizo kiasi kwamba nilisahau kuwa laana wanazopambana nazo, kwa maelezo ya hadithi yenyewe, huzaliwa na chuki na hofu za binadamu.

Ninaomba mnitajie zinazostahili muda wangu, na pia zile ambazo mngenishauri niziache hata kama zinasifiwa, maana bando hatupewi bure. Wakati mwingine hutazama pamoja na mdogo wangu wa kike aliye kidato cha kwanza, kwa hiyo palipo na damu nyingi au picha za aibu nitashukuru mkinitahadharisha. Tafadhali sana, msinimalizie uhondo.

Bi Chano alijibu:

Ndugu Mzamu, malalamiko yako yana msingi. Katika anime nyingi za siku hizi, pepo ni adui wa kawaida aliyevishwa pembe. Ukimwondoa ukaweka jambazi au mwanajeshi wa nchi jirani mahali pake, hadithi itaendelea vilevile. Mimi hujiuliza kama kiumbe anayeletwa ana masharti yake, na kama masharti hayo ndiyo yanayoiendesha hadithi mpaka mwisho, au hutupwa pale yanapokuwa mzigo kwa mwandishi. Tuliosimuliwa habari za majini utotoni tunakumbuka kwamba kilichotutisha hasa ni miiko, kama kutopiga mluzi usiku na kutoitikia sauti usiyoijua, na sura ya jini mwenyewe wala hatukuwahi kuiona.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ninayokupa ni Mushishi, iliyotokana na manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Yuki Urushibara na kuongozwa na Hiroshi Nagahama, sehemu 26 zilizotoka kati ya mwaka 2005 na 2006, kisha ikaendelea mwaka 2014. Mhusika mkuu, Ginko, ni mganga anayetembea vijijini na sanduku mgongoni, akishughulikia viumbe waitwao mushi ambao si wazima wala si wafu, na ambao hawana nia mbaya wala nzuri kwa mtu. Yeye mwenyewe huwavuta popote akaapo, ndiyo maana hawezi kuweka makazi mahali pamoja, na hiyo sigara isiyomtoka mdomoni ni ya kuwafukuza. Hakuna pambano hata moja. Sehemu ya kwanza inamhusu mvulana anayeishi peke yake mlimani, ambaye chochote anachokichora kwa mkono wa kushoto hupata uhai, na shida yote ya nyumba ile imefungwa ndani ya kikombe cha kijani kilichopasuka nusu. Sitasema zaidi ya hapo, ila tazama jinsi kikombe hicho kinavyotafutiwa nusu yake ya pili, kwa kuwa suluhisho linatoka ndani ya kanuni uliyoelezwa dakika kumi nyuma, na hakuna mtu anayeongezewa nguvu za ghafla kwa sababu amekasirika.

Ya pili ni Mononoke ya mwaka 2007, kazi ya Toei Animation iliyoongozwa na Kenji Nakamura, ambayo haina uhusiano na ile filamu maarufu ya Hayao Miyazaki yenye jina linalokaribiana nayo. Ni sehemu 12 tu, zenye visa vitano. Muuza dawa asiyetajwa jina hufika mahali palipo na mzuka, akiwa na upanga ambao hauchomoki alani mpaka ajue mambo matatu: umbo la mzuka, ukweli wa kilichotokea, na sababu iliyo moyoni mwa aliyehusika. Kila jambo moja linapobainika, kichwa kidogo kilichochongwa kwenye mpini wa upanga hugonganisha meno. Kwa hiyo muda mwingi wa kila kisa ni mahojiano: watu wamefungiwa chumba kimoja, kila mmoja anaficha lake, na mzuka hauwezi kuondoka mpaka wenye hatia waseme. Michoro yake inafanana na picha za kale za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, rangi juu ya rangi, hata karatasi yenyewe unaiona. Mdogo wako asiitazame kwa sasa, kwa sababu kisa cha kwanza kinahusu mjamzito aliyekimbilia katika nyumba ya wageni ambayo zamani ilikuwa danguro, na kilichofanyika katika chumba anachopewa ni kizito hata kwa mtu mzima.

Kwa ajili ya kutazama pamoja naye, chukueni Natsume Yuujinchou. Ilianza mwaka 2008 na msimu wake wa saba ulitoka mwaka 2024, hivyo hamtaishiwa upesi. Natsume ni mvulana yatima aliyezungushwa kwa ndugu mmoja baada ya mwingine kwa sababu anaona wasioonekana na watu humdhania mwongo, na amerithi kwa bibi yake, Reiko, daftari lenye majina ya mazimwi aliowashinda na kuwatiisha. Ambaye jina lake limo daftarini hawezi kumkaidi mwenye daftari, na kazi ya mvulana huyu ni kuwarudishia majina yao, mmoja baada ya mwingine, huku akilindwa na zimwi lenye umbo la paka mnene ambalo kwa kweli linamngojea afe lirithi daftari.

Nakushauri usiruke sehemu ya pili ya msimu wa kwanza. Kuna mungu mdogo wa kijiji ambaye hapo kale alikuwa na kimo cha mtu, kwa kuwa watu walimwendea kwa sala na sadaka. Kadiri walivyomsahau alipungua, na sasa anaenea kiganjani. Aliyebaki kumletea sadaka ni bibi kizee mmoja. Sharti ni hilo tu, kwamba mungu hudumu kwa kukumbukwa, nawe ukishalisikia unajua hadithi inaelekea wapi, lakini kujua hakukusaidii chochote inapofika. Linganisha na lile zimwi la Demon Slayer linalokumbuka utoto wake shingo ikiwa imeshakatwa: hapa huzuni imejengwa tangu dakika ya kwanza.

Sasa za kuachwa. Jigoku Shoujo ya mwaka 2005 ina wazo zuri ajabu: saa sita ya usiku unaandika jina la adui yako kwenye tovuti, unapewa mwanasesere wa majani makavu mwenye uzi mwekundu shingoni, na ukiufungua uzi huo adui yako anapelekwa jehanamu papo hapo, ila nawe ukifa utamfuata huko huko. Tatizo ni kwamba sehemu 26 zinarudia mkondo ule ule, mwonevu akitesa, mteswa akifungua uzi, mashua ikivuka mto, na hata mwandishi wa habari na binti yake wanapoingizwa ili kuipa uti wa mgongo, mazoea yale yanawameza. Tazama tatu au nne utosheke.

Another ya mwaka 2012 inaniuma zaidi kwa sababu ilikuwa na masharti bora kuliko zote. Katika darasa moja kuna mwanafunzi mmoja wa ziada ambaye ni marehemu, lakini hakuna anayejua ni nani, hata yeye mwenyewe hajijui, na ili vifo visitokee, wanafunzi huchagua mwenzao mmoja wamtendee kana kwamba hayupo. Nusu ya kwanza ni ya kutisha kwelikweli. Kisha waandishi wakashikwa na uroho wa damu, na sehemu za mwisho zikawa watoto wanaoshambuliana ndani ya jengo linaloungua. Iache, au isome kama riwaya ukiipata, maana asili yake ni kitabu cha Yukito Ayatsuji.

Fundi Redio alijibu:

Bi Chano amesema vizuri, na kipimo chake cha masharti nakikubali, ila anakitumia kwa upendeleo. Ukiisoma orodha yake utadhani mapigano ndiyo yanayoharibu hadithi za mizimu. Mushishi ni kazi nzuri, lakini mtu anayetoka Jujutsu Kaisen akiambiwa aanze nayo, akaitazama sehemu nne kwa mkupuo saa tano usiku baada ya kazi, atalala, na hatarudi tena. Ile ni ya kuonja sehemu moja kwa wiki.

Ndugu Mzamu, jaribu Noragami. Yato ni mungu asiye na hekalu, anayeandika namba yake ya simu kwenye kuta na kufanya kibarua chochote kwa sarafu moja ya yeni tano. Silaha yake ni roho ya mvulana aliyekufa, aitwaye Yukine, na makubaliano yao yana sharti lililonifurahisha kuliko mbinu zote za Jujutsu Kaisen: kila dhambi anayoifanya mvulana, hata wizi mdogo au wivu, humchoma mungu wake mwilini na kumwachia madoa yanayoenea. Kuelekea mwisho wa msimu wa kwanza wa mwaka 2014 mambo hayo yanafika ukingoni, na tukio la kumtakasa kijana yule, akiwa amezungukwa na wenzake wanaomlazimisha aungame huku Yato akigaragara kwa maumivu, linasisimua kuliko pambano lolote, ingawa anime yenyewe ni ya mapambano. Dosari yake ni kwamba baada ya msimu wa pili wa mwaka 2015 haikuendelezwa, na manga imeshakwisha mwaka 2024, kwa hiyo mwisho wake utausoma.

Kuna pia Yu Yu Hakusho ya Yoshihiro Togashi, sehemu 112 kuanzia mwaka 1992. Michoro yake ni ya zamani, na ni kweli kwamba inakuja kuwa mashindano ya ndondi za mapepo. Lakini inavyoanza! Kijana mkorofi anakufa ndani ya sehemu ya kwanza akimwokoa mtoto asigongwe na gari, na huko ahera wanamwambia kwamba hawakumtarajia wala hawana nafasi yake, kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu kama yeye angefanya jambo jema.

Na Dandadan ya mwaka 2024 imetajwa mno mitandaoni hata nikaichukia kabla sijaiona, kwa sababu ni vurugu ya bibi mzuka anayekimbia kama pikipiki, viumbe wa angani na utani wa chumbani. Kisha ikaja sehemu ya saba. Mzuka wa mwanamke mwenye gauni jekundu na nywele ndefu, ambaye tulimwona kama kituko tu, anafunguliwa maisha yake ya zamani kwa dakika kadhaa zenye maneno machache sana, na baada ya hapo sikuweza kuendelea na sehemu iliyofuata siku ile. Bi Chano atasema huku ni kukumbuka utoto baada ya kukatwa shingo. Nakataa, kwa sababu kumbukumbu ile inawaachia wahusika deni ambalo mmoja wao anajaribu kulilipa palepale. Ila mdogo wako asiione: sehemu ya kwanza tu ina viumbe wanaomvua msichana nguo kwa nguvu, na sioni kwa nini tukio hilo lilihitajika.

Ukiona mtu anakusukumia Death Note, mkubalie, lakini ishia sehemu ya 25 kati ya zile 37. Kanuni za daftari la mauti, ambalo anayeandikwa jina lake humo hufa, zinafuatwa kwa umakini mkubwa hadi hapo, na mvutano kati ya mwenye daftari na mpelelezi anayemsaka ni wa kiwango cha juu. Baada yake wanaingizwa warithi wasio na uzito, na kanuni mpya zinachomekwa ili kuokoa hadithi.

Mwanafunzi wa Zamani alijibu:

Nitaongeza mbili tu, moja ya kutazama na moja ya kukimbia.

Ya kutazama ni ile ya mwaka 2025 inayojulikana kimataifa kama The Summer Hikaru Died, iliyotokana na manga ya Mokumokuren, sehemu 12. Simalizi uhondo nikisema kwamba rafiki wa mhusika mkuu alikufa mlimani na aliyerudi akiwa na sura yake si yeye, kwa sababu jambo hilo linasemwa dakika chache baada ya kuanza, wavulana wawili wakiwa wamekaa nje ya duka wakila barafu, na uso wa mmoja unaanza kumiminika. Kinachotisha baada ya hapo ni uamuzi wa yule aliye hai kuendelea kuwa rafiki yake huku akijua. Sauti ya nyenje imeachwa juu kiasi kwamba ikinyamaza ghafla unashtuka. Tumia vipokea sauti vya masikioni.

Ya kukimbia ni msimu wa pili wa The Promised Neverland, wa mwaka 2021. Msimu wa kwanza wa mwaka 2019, wenye watoto yatima wanaogundua wanafugwa kwa ajili ya mazimwi, hauna kasoro ninayoweza kuitaja. Wa pili umeruka sehemu kubwa ya manga, umeharakisha kila kitu ndani ya sehemu 11, na mambo mazito kabisa ya mwisho yameonyeshwa kama mfululizo wa picha zisizosogea, mfano wa albamu ya harusi. Tazama wa kwanza, kisha nenda kwenye manga.

Mzamu wa Usiku aliandika:

Nawashukuru nyote kwa majibu yaliyoshiba. Jana tuliitazama ile ya mungu wa kiganjani, na mdogo wangu ameniamuru nisiendelee bila yeye. Nina maswali mawili. Kuna mwenzangu kazini anayesema Shiki ndiyo mfalme wa anime za kutisha, lakini niliiona picha yake ya tangazo na nywele za wahusika zikanikatisha tamaa. La pili, Blue Exorcist: nimeambiwa ina misimu inayopingana yenyewe kwa yenyewe. Nianzie wapi?

Bi Chano alijibu:

Kabla ya hayo, Fundi Redio, kuhusu Noragami umenishinda. Lile tukio la utakaso ni sharti lililofuatwa mpaka tone la mwisho, na nimekubali pia hoja yako kwamba Mushishi haimezwi kwa mkupuo. Dandadan bado naiona kama vurugu yenye sehemu moja nzuri.

Ndugu Mzamu, mwenzako yuko karibu na ukweli. Shiki, sehemu 22 za mwaka 2010, imetoka katika riwaya ya Fuyumi Ono, ambaye, kwa taarifa tu, ni mke wa yule mwandishi wa Another, na nyumbani kwao sijui huzungumza nini wakati wa chakula cha jioni. Kijiji kilichozungukwa na misonobari kinaanza kupoteza watu wakati wa kiangazi kikali, daktari anadhani ni maradhi, na sehemu tano au sita za kwanza zinakwenda taratibu mno hata utataka kuiacha. Usiiache. Wafu wanaofufuka wana sharti kwamba hawawezi kuingia nyumba ambayo hawajakaribishwa, na mwandishi analitumia sharti hilo kuuliza jambo ambalo Another ililikimbia: wanakijiji wakishajua ukweli na kuanza kuwasaka, ni nani sasa anayestahili kuogopwa? Damu ya mwishoni ni nyingi kuliko ya Another, lakini hii imelipiwa, kwa sababu kila anayeshika mti uliochongwa wa kuwachoma wafu hao unamjua kwa jina, unajua duka lake na wazazi wake, na unajua pia yule aliye chini yake. Kuna kitendo cha daktari ndani ya zahanati yake ambacho mpaka leo sijui nimhukumu vipi. Kwa mtoto wa kidato cha kwanza haifai kabisa. Nywele utazizoea kufikia sehemu ya nne. Mimi nilizoea, na nilicheka sana mwanzoni.

Blue Exorcist ilitoka mwaka 2011 ikiwa na sehemu 25, wakati manga ya Kazue Kato ilikuwa bado inaandikwa, hivyo watengenezaji walijitungia mwisho wao. Mwaka 2017 walipoirudia, waliufuta mwisho huo na kuendelea na manga kama ilivyo. Tazama za mwanzo mpaka ya 17 hivi, ruka zinazobaki, kisha uingie katika zile za Kyoto za mwaka 2017. Mwana wa shetani anayejifunza kufukuza mashetani ni wazo jepesi, ila uhusiano wake na ndugu yake pacha, ambaye ndiye mwalimu wake darasani, unaibeba. Huyo mdogo wako ataipenda, na hakuna la kumficha zaidi ya kelele na vazi la mwalimu mmoja wa kike ambalo halistahili kuitwa vazi.

Mononoke, ukiamua kuianza, usiitazame kwa simu. Tafuta kioo kikubwa, hata kama ni cha kuazima, na uchague tafsiri ya maandishi badala ya sauti, kwa kuwa yule muuza dawa huzungumza kwa kuvuta maneno kwa namna ambayo hutaisikia tena ikishawekewa sauti ya lugha nyingine.